Ule uzi wa tatu ndo ulikuwa mchawi

Uyole, Mbeya
Jumapili usiku, Julai

Kamwene mwanangu,

Kwanza nisamehe kwa kukaa kimya, meseji yako niliiona tangu wiki ile nyingine nikasema ntajibu kesho, kesho ikawa keshokutwa, si unanijua. Huku baridi limekaza, maji ya ndoo asubuhi hayagusiki na vidole vyangu mpaka saa nne ndo vinaanza kukunja, afu we unaniuliza vidole vinaendeleaje na gitaa! Najua Iringa na nyie mnajifanya mna baridi, ila njoo ulale Uyole usiku mmoja tu afu tutaongea vizuri.

Sasa umeniomba nikutumie hizo liki za bluzi roki, vile vionjo vya solo nilivyokurekodia kwenye simu siku ile. Ntakuandikia, ila ngoja kwanza nikupe stori ya jinsi nilivyopoteza miezi miwili na nusu kama zuzu, maana ukiiruka hiyo utapotelea palepale nilipopotelea mimi.

Unakumbuka tulivyoanza, gitaa la galoni la mafuta na waya wa breki ya baiskeli kule bwenini, afu baadae kwaya na kodi zake tatu (noti zinazopigwa kwa pamoja), G C D, G C D, mpaka leo nikilala naziota. Kwaya na sebene vilinipa vidole vyepesi hilo silikatai. Sebene bana ni mbio, noti mbili mbili zimeshikana mikono zinashuka zinapanda, safi, hakuna hata moja inayoyumba. Kwaiyo nilivyoanza solo za bluzi nikajua hii naimaliza mwezi mmoja, skeli yenyewe, yaani ngazi ya noti unazosolo nazo, ina noti tano tu mzee, TANO! A, C, D, E, G. Unakaa freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa) kidole cha shahada hakiondoki, unapanda unashuka, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Nikazikimbiza hizo noti wiki tatu mpaka zikawa zinatoka kama mvua ya mawe kwenye bati, nikaona sasa nimeiva, nikamwita baba mdogo aje asikilize.

Baba mdogo unamjua, yule wa reli, siku hizi kastaafu yuko zake Iyunga. Huu ugonjwa yeye ndo kaniambukiza. Enzi zake akienda na treni mpaka Kapiri Mposhi alikuwa anarudi na kaseti za Wazambia, maana wenzetu miaka ya 70 walikuwa na bendi zao za roki kabisa, kina WITCH, kina Amanaz, gitaa limetiwa fazi (kile kifaa cha kukwaruza sauti) linanguruma kama lori linapanda mlima, Zamrock yenyewe hiyo. Na hapo ni kuvuka Tunduma tu! Sie huku tunadhani roki ni kitu cha Uingereza huko. Ila ukimuuliza mpiga solo wake ni nani atakwambia Mbaraka Mwinshehe, basi, hana mjadala, anasema yule alikuwa haongozi gitaa, anapiga nalo stori.

Basi akakaa kwenye kigoda, chai mkononi, mi nikaunga gitaa kwenye sabufa (ampu sina, hiyo stori nyingine), nikamwaga mvua yangu ya mawe kama dakika tatu hivi. Nikamaliza natoka jasho kwenye baridi ile. Akanywa chai. Afu akasema, "Mbona halilii?"

Nini hakilii? "Gitaa. Unahesabu tu."

Iliniuma aisee. Lakini nikirudi kusikiliza wale wenyewe, kweli, hawakimbii. Noti moja inavutwa taratiiibu mpaka inafika juu, inatetemeka, inakufa. Hilo la kuvuta uzi ndo lenyewe, wanaita bendi, na usije ukacheka maana nilimwambia shemeji yako usiku ntakuwa na mazoezi ya bendi akanuna siku mbili, kajua nimejiunga na bendi ya baa ntakuwa narudi alfajiri.

Nikaanza kuvuta. Uzi wa tatu (unahesabu toka ule mwembamba kuliko wote), freti ya 7, hapo ndo kila mtu anaanzia. Inatakiwa ile D uisukume mpaka isikike E, yaani kama umeruka freti mbili ukafika ya 9, wakati kidole kiko palepale ya 7. Mwanangu nilisukuma. Nilisukuma mpaka ncha za vidole zikachanika, nikipokea simu ya mteja dukani kioo kinaniuma. Baba mdogo kila akipita ananiuliza nimefikia wapi, nampigia, anasikiliza, anasema neno moja, "Hujafika." Wiki inayofuata, "Hujafika." Nikaanza kuamini vidole vyangu vibovu, labda mpaka uwe umezaliwa nao.

Kumbe uzi!

Ilikuwa hivi. Siku hiyo niko dukani, umeme umekatika, kazi hamna, naangalia video ya jamaa mmoja anapiga solo, nikasimamisha nikavuta picha karibu ili nione kidole kimekaaje. Si unajua macho ya fundi simu, tunaona hata punje ya risasi ya kuchomelea kwenye bodi. Nikaona uzi wake wa tatu unang'aa, umelala laini kama wa kwanza na wa pili. Nikachukua gitaa langu nikapitisha ukucha kwenye wa tatu, krrrrr, kama zipu. Wa kwangu umesokotwa! Una waya mwingine umezungushwa juu kama zile nyuzi za besi. Kumbe yule aliyeniuzia alinipa seti ya gitaa kavu, zile zinazoanzia 12 (ndo unene wa uzi wa kwanza, namba ikiwa ndogo uzi mwembamba), na nilimuuliza kabisa kaka hizi zinafaa gitaa la umeme, akanijibu "nyuzi ni nyuzi". Nyuzi ni nyuzi! 15,000 yangu na miezi miwili na nusu. Uzi wa kusokotwa hata uusukume mpaka utoke nje ya shingo, sauti inapanda kidogo tu, maana kinachovutika ni ule waya mwembamba wa ndani, wa nje ni uzito tu unabebwa.

Na kilichonipoza ni kusoma kwamba hata wale wazee wa Marekani miaka ya 50 walipata shida hiihii, seti za wakati ule zilikuwa nene na uzi wa tatu umesokotwa, wajanja wakawa wananunua uzi wa banjo wanauweka wa kwanza, afu zingine wanazishusha nafasi mojamoja, wa kwanza unakuwa wa pili, wa pili unakuwa wa tatu, ule mnene kuliko wote wanautupa. Angalau sikuwa zuzu peke yangu.

Nikaagiza Dar seti ya 9, ikaja na basi. Siku ya kwanza nimeufunga nikavuta kwa hasira zilezile za miezi miwili, uzi ukaenda mpaka ukakaribia kutoboa dari. Baba mdogo akasema, "Sasa umepitiliza, shuka rudi kituoni." Huyu mzee huyu.

Dawa niliyoipata ya kujua umefika ni hii, na hii ifanye kabla ya liki yoyote. Uzi wa pili freti ya 5 ni E. Upige uache ulie, hapohapo piga wa tatu freti ya 7 uanze kuuvuta. Mwanzoni utasikia sauti mbili zinagombana, wawawawawa, kadri unavyokaribia ule ugomvi unapungua kasi, waaa, waaa, waaaaa, mpaka zinatulia zinakuwa kitu kimoja. Hapo ndo kituoni. Rudia mara hamsini bila haraka. Usivute kwa kidole kimoja, tumia cha pete, cha kati na cha shahada vikae nyuma yake vimsaidie kusukuma, dole gumba lishike juu ya shingo, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono kama unazungusha kitasa. Ukisukuma kwa vidole peke yake utachanika kama mimi.

Ila we wa mkono wa kushoto, na najua bado unageuza gitaa kichwa chini bila kubadili nyuzi, tulivyokucheka ile fomu two! Sasa sikia, Albert King, yule mpiga bluzi wa Marekani, alikuwa anapiga hivyohivyo, shoto, gitaa limegeuzwa, nyuzi nyembamba ziko juu, na badala ya kusukuma kwenda juu yeye alikuwa anazivuta kushuka chini, mkono mzima unaingia kazini, ndo maana bendi zake za kuvuta uzi zilikuwa na nguvu vile, watu wa mkono wa kulia wanahangaika kuziiga mpaka leo. Kwaiyo usiguse chochote, vuta kwenda chini. Tulicheka bure.

Haya liki yenyewe. Vuta wa tatu freti ya 7 mpaka kituoni. Piga wa pili freti ya 5, wa kwanza freti ya 5. Rudi wa pili freti ya 8, kisha ya 5. Piga wa tatu freti ya 7, afu bila kupiga tena inyofoe kwa kidole ianguke kwenye ya 5. Malizia wa nne freti ya 7, hiyo ni A, nyumbani, hapo itetemeshe kidogo uiache ife. Noti nane tu. Ukiiweza sogea kwenye wa pili freti ya 8, uivute mpaka ilingane na wa kwanza freti ya 5, hiyo ngumu zaidi, usiianze wiki ya kwanza.

Kodi ni zilezile tatu za kwaya ila kwa kii ya A, yaani A, D, E, tofauti kila moja inabeba noti moja ya ziada, saba yake, A7 D7 E7. Mzunguko una baa 12, yaani vipimo vya midundo (sio baa za Mwanjelwa), nne za A, mbili D, mbili A, moja E, moja D, mbili A, unaanza upya. Hiyo hata usingizini utaipiga.

Kitu kilichonikosanisha na mpiga kinanda wetu kanisani ni hapa. Kodi ya A ina C#, ila skeli unayosolo nayo ina C ya kawaida. Jamaa akasema unapiga uongo. Kwa karatasi yuko sahihi kabisa! Lakini chukua uzi wa tatu freti ya 5, hiyo C, uisogeze kidogo sana, hata nusu ya safari ya freti moja usimalize, inakuwa sio C wala sio C#, iko katikati inalalamika. Nikampigia. Akaitafuta kwenye kinanda, akabonyeza nyeusi, akabonyeza nyeupe, akazibonyeza zote mbili kwa pamoja ikatoka kelele. Haipo. Jumapili ile tulichelewa kufunga vyombo, kakaa anabonyeza tu. Hiyo noti mi ndo naipenda kuliko zote, na angalia haina hata herufi yake.

Kingine kinanishinda mpaka sasa hivi, kunyamaza. B.B. King, mkongwe mwingine wa bluzi wa Marekani, alikuwa akiimba gitaa linakaa kimya, akimaliza mstari gitaa ndo linamjibu, havigongani. Yule aliyekimbilia ndani ya ukumbi unaowaka moto kule Twist, Arkansas mwaka 1949 kuokoa gitaa lake, kisa watu wawili walipigana kwa ajili ya mwanamke anaitwa Lucille, basi gitaa akalipa jina hilo. (Mi nisingerudi, ntakwambia ukweli, ningenunua lingine.) Nimeanza kujifunza hivi, naimba mstari wowote tu, hata "mama Uyole viazi bei gani", kwa sauti, afu gitaa linajibu kwa urefu uleule. Shemeji yako anasema nimechanganyikiwa, ila mtoto kazoea, juzi mi nimeimba yeye akajibu kwa mdomo kabla sijapiga, na kaisogeza ile noti ya katikati bila kufundishwa.

Baba mdogo alipita tena jana. Nikampigia ile liki ya noti nane, mara moja tu, sikuongeza. Kaniuliza kama kuna chai imebaki. Hajasema hujafika wala umepitiliza, na mi sijamuuliza.

Sasa Desemba ukija njoo na besi, usinipe sababu za nauli, ukishuka stendi ya Nane Nane nipigie nakufuata na pikipiki. Na kama utapita dukani kwa nyuzi huko, nichukulie seti moja ya 9, ntakurudishia hela. Usimsikilize muuzaji, fungua pakiti palepale dukani, upitishe ukucha kwenye uzi wa tatu, ukisikia krrrr mrudishie.

Wasalimie Kihesa wote, na mama mwambie ule unga wa ulezi ulifika salama.

Wako,
Fundi