Asante mama wa risiti
Yule mama wa kamati ya lile shirika la elimu, jina lako sikulipata ila asante sana jamani. Watu wanadhani kuongoza shirika ni kupiga picha na watoto tu, kumbe kazi yenyewe ndo ile nlokukuta nayo, unabandika risiti moja moja kwenye karatasi, pembeni unaandika hela ilinunua nini, madaftari ama nauli ya mwalimu wa kujitolea, ili mfadhili akiuliza majibu yapo. Na bado ukaziacha ukanielekeza fomu ya mdogo wangu, ukasema barua ya shule bila mhuri bodi haiipitishi. Imepita! Ada wameilipa moja kwa moja shuleni. Mungu akuzidishie mama, na mwenyekiti wenu akutafutie msaidizi basi.