Kwa nini tulikukata dipoziti kwa kaufa kadogo tu

Wiki iliopita dada mmoja wa Nairobi ametoka hapa dukani amekasirika, na sio wa kwanza, kila msimu tunapata wa namna hii. Alikodi bodi ndefu ya kuteleza juu ya mawimbi (surf) siku tatu, akairudisha ina ufa ukingoni, haufiki hata urefu wa kucha, tukamkata dirhamu 400 kwenye dipoziti. Akasema tumemuibia. "Wimbi la hapa lenyewe ni pole hivi, bodi itaharibikaje?" Basi nimeona niandike kwa Kiswahili, maana wageni wa kutoka nyumbani wanazidi kuja Imsouane, hapa pwani ya Moroko, na lawama ni hiohio.

Kuhusu wimbi hajakosea. Linazunguka rasi pale bandarini, linaingia ghubani likipungua nguvu kadri linavyokwenda, halivunjiki kwa kishindo, linafunguka taratibu upande wa kulia na siku nzuri mtu anasimama juu yake zaidi ya mita 500 mpaka mchangani. Anayejifunza anapata muda wa kusimama, kuyumba na kujirekebisha wakati wimbi bado linaenda, sijui mahali pengi Afrika pa kupata hivyo. Lakini upole huohuo ndio unaoleta umati, bodi zinagongana. Na pale juu linapoanzia kuna mawe, maji yakipwa yako karibu kuliko unavyodhani, sasa mtu wa siku ya pili anataka akae hukohuko na wazoefu wakati wimbi la povu, lililokwisha kuvunjika, la katikati ya ghuba lingemtosha kabisa. Alafu wengi hawarudi kwa kupiga mikono, wanatembea pwani mpaka rasini, na bodi ya futi 9 ikichosha mkono inaburuzwa mkia juu ya kokoto.

Ufa wenyewe sio kesi. Kesi ni kwamba aliuona siku ya kwanza mchana, akabandika selotepu, akaendelea siku mbili.

Mimi ni wa Lamu, kazi ya faiba (fibaglasi) nimejifunzia kwenye boti kabla sijaja Moroko, na kwetu kila mtu anajua jahazi likianza kuvuja unalipandisha pwani upige kalafati, hulipeleki tena baharini eti tundu ni dogo. Bodi ni vilevile. Ndani ya hio ganda ya faiba kuna povu jeupe, kama lile linalofungiwa TV mpya kwenye boksi, na kila ukiilalia bodi unaikamua kidogo, ukiinuka inafyonza. Selotepu haizuii kitu, inafungia maji ndani. Baada ya siku mbili bodi imekuwa nzito, na ukibonyeza pembeni ya ufa faiba inacheza maana imeshaachana na povu.

Angeileta mchana uleule ni dirhamu 150: naisuuza maji baridi kutoa chumvi, naikausha, msasa, kitambaa cha faiba, rezini (ile gundi ya majimaji inayoganda ngumu), msasa tena, imekwisha. Ikinywa maji lazima nikate sehemu yote iliyoachia, niisimamishe kivulini tundu likiangalia chini, kila asubuhi nachomeka karatasi ya tishu na ikitoka na unyevu nangoja tena. Hio ya dada imekaa siku nane. Bodi hio nakodisha dirhamu 120 kwa siku, hesabu mwenyewe, na hizo siku nane sikumlipisha.

Wengine wanajifanya mafundi, na hapa naomba sana. Mwaka jana kijana mmoja alinunua kopo la rezini ya poliesta mjini akaziba usiku chumbani ili nisijue. Bodi ile ni ya epoksi, rezini ya aina nyingine, na poliesta inayeyusha lile povu jeupe. Asubuhi tundu la sarafu limekuwa bakuli, ngumi yangu imeingia yote, na amelipa nusu ya bei ya bodi. Supagluu pia inakula vilevile. Sikufurahia kuchukua zile hela, ila bodi haikufaa tena kukodishwa.

Kwa hio mkija kwetu kabla ya kutoka dukani tunaizungusha bodi pamoja, tunapiga picha kila alama, msione tunawachelewesha. Beba bodi kichwani au mbebe wawili. Ukisikia "ko!" kwenye jiwe au bodi ya mtu, toka majini wakati huohuo hata kama wimbi ni tamu, uilete.

Juzi kaka mmoja wa Tanga anayefanya kazi Muscat amefanya hivyo, katoka mbio na wetisuti, ile nguo ya mpira ya majini, inachuruzika, kalipa 150, nikampa bodi nyingine. Maji yalikuwa bado yanapwa, akarudi ghubani akateleza mpaka jua linazama.