Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliovunja Bawa

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum, na Bwana asifiwe. Wazee wetu mliotangulia kuketi, shikamooni.

Mambo ya hesabu niyapitishe haraka. Ada zimekusanywa, kodi ya chumba chetu cha Ngamiani imelipwa, na mweka hazina atawasomea daftari lote nikimaliza. Muda wangu nautaka kwa ajili ya bawa.

Mnakumbuka Julai, kusi imekaza. Ndege yetu ndogo ya foamu ilikuwa inapita juu ya nyasi, fundi kashika rimoti ametulia kabisa, mara dharuba ikaipiga kutoka chini. Bawa la kushoto likakunjika pale linaposhikana na kiwiliwili. Nililiokota mwenyewe. Utepe umechanika, ufito wa mwanzi ndani yake umepasuka kwa urefu, nyuzi zimesimama kama za muwa uliotafunwa. Ncha ya bawa haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Upepo unaopanda hubadilisha pembe ambayo bawa linakutana na hewa, na nguvu ya kunyanyua huongezeka papo hapo. Nyongeza iliyoko nchani ndiyo inayoumiza zaidi shina la bawa, pale linaposhikana na kiwiliwili, kwa sababu iko mbali nalo, mithili ya mtoto aliyening'inia mwisho wa tawi la mwembe. Wengi wenu mlishauri tutie ufito wa pili. Nilipinga siku ile na leo napinga. Ufito ni uzito, na uzito tutaubeba kila siku, hata siku bahari imelala shwari.

Nahodha yeyote wa hapa Tanga anajua njia nyingine. Dharuba ikija hashindani nayo; analegeza demani, ile kamba ya tanga, tanga linamwaga upepo, jahazi linainuka. Kwenye ndege kazi hiyo hufanywa na vihisi, kompyuta na eileroni, vile vibao vilivyo nyuma ya bawa karibu na ncha. Kwa kawaida kimoja hupanda na kingine hushuka ili ndege ilale upande. Dharuba ikipiga, vyote viwili hupanda kwa pamoja kitambo kidogo. Ncha zinapunguza kunyanyua, mzigo unasogea karibu na kiwiliwili, na shina linapata nafuu.

Jambo hili si geni. Ripoti ya kwanza kabisa ya NACA, taasisi ya utafiti wa anga ya Marekani, ilitoka 1915 na ilihusu ndege ndani ya dharuba. Januari 1964 mtikisiko wa hewa uling'oa karibu mkia wote wa wima wa B-52, ndege ya kivita ya Marekani, na marubani wakaitua hivyohivyo. Miaka hiyohiyo Wamarekani walikuwa wakijaribu kupunguza mizigo hiyo kwa kompyuta kwenye ndege za aina ileile. Mfano ninaoupenda ni ndege ya abiria Lockheed L-1011-500: mabawa yake yalirefushwa kutoka mita 47 hivi hadi mita 50, ndege ikaokoa mafuta, na hawakulazimika kuliimarisha bawa zima, kwa sababu eileroni zilikuwa zinapunguza mzigo. Hicho ndicho ninachowaomba tukifuate.

Shida yetu ni kuchelewa. Kihisi tulichokibandika tumboni mwa ndege husikia mshtuko wakati bawa limeshapigwa. Vijana wetu wametengeneza kipepeo cha mbao nyepesi, kimekaa kwenye kijiti sentimita 30 mbele ya bawa, kinageuka hewa inapogeuka. Ndege ikienda mita 15 kwa sekunde, kipepeo kinatupatia sekunde 0.02 kabla dharuba haijafika. Ni kidogo, lakini mota nzuri ya kusukuma eileroni katika muda huo inakuwa imeshaanza kazi. Tukiifanya kompyuta isukume eileroni kwa nguvu kupita kiasi, bawa linatikisika lenyewe hata pasipo upepo. Tuliona Septemba, nikaamuru ndege ishushwe mara moja. Hapo tunahitaji uvumilivu kuliko fedha.

Mmoja wenu aliuliza kama siku moja abiria hatasikia mtikisiko kabisa. Atausikia. Eileroni zinapunguza mzigo, haziondoi dharuba. Mei 2024 abiria mmoja alifariki na wengi wakaumia kwenye ndege ya Singapore Airlines iliyokutana na mtikisiko mkali. Nilipanda ndege ya injini moja kutoka Pemba mwaka huu, ikatupwa juu ya mkondo wa bahari, na mama jirani yangu alinishika mkono mpaka tunatua. Mkanda ufungeni safari nzima.

Jambo moja limeniuma sana. Mwanachama mmoja alirusha ndege upande wa kiwanja cha ndege bila kibali. Kiwanja chetu kiko mjini, na ndege zinazokishukia zina watu ndani. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza, kisha ndege. Anayeona ni usumbufu aniachie rimoti mezani leo hii.

Kaskazi ikianza tutaruka asubuhi na mapema, hewa ikiwa imetulia, kisha tutasogea saa za mchana kidogokidogo. Tunahitaji mota mbili zenye gia za chuma, na mtu mwenye mkono mwepesi wa kulehemu nyaya nyembamba. Yule sonara wa barabara ya kumi na mbili, kama bado mko naye vizuri, mleteni Jumamosi.