Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kupiga picha za wanamuziki na kuchangia wagonjwa wa saratani, mbukwenyi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulipiga picha kwaya 22 za hapa Dodoma mjini kwa shilingi 50,000 kila moja, tukaenda Chamwino kwa wapiga zeze, marimba na ngoma za muheme, tukatundika picha Nyerere Square siku mbili. Oktoba muuguzi alizungumza na kina mama kuhusu saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi, na kwa nini mabinti wapelekwe kwenye chanjo ya HPV. Mkoa uliomtoa Hukwe Zawose, yule gwiji wa muziki wa Kigogo, hauna upungufu wa wanamuziki. Upungufu wetu ni watu wa kubeba taa na stendi, na hilo nitalirudia.

Fedha. Picha za Nyerere Square ziliingiza 3,450,000, kwaya 1,100,000, kalenda 2,610,000, jumla 7,160,000. Kalenda zilitumia 2,880,000. Fremu, maturubai na usafiri 1,080,000. Tumekabidhi 3,200,000 kwa taasisi tunayoichangia, kwa nauli na malazi ya wagonjwa wanaokwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mwaka uliotangulia tulikabidhi 4,600,000. Najua pengo hilo la 1,400,000 ndilo limewaleta wengi leo, kwa hiyo naeleza suala la kalenda lote.

Kalenda 300 za mwaka 2025 zilikuwa zimeshachapwa na kutiwa springi. Ukurasa wa Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, ulikuwa na picha ya mama mmoja mpiga muheme, ngoma katikati ya magoti, mikono yote hewani. Mimi ndiye niliyeipiga, na bado naiona ndiyo picha bora chama hiki kimewahi kutoa. Chini yake mwenzetu, kwa nia njema kabisa, aliandika kwamba mama huyo ameugua saratani na kupona. Nakala ilipomfikia kwa simu ya mjukuu, alinipigia usiku. Alikubali kupigwa picha. Ugonjwa wake nyumbani anaujua mtoto wake mkubwa tu.

Asubuhi nilikwenda kwake kwa gari langu na mafuta yangu. Hakufoka. Alisema picha ibaki, maneno yatoke. Nikasimamisha kalenda zote siku hiyohiyo.

Mhazini alishauri tubandike stika juu ya maandishi, na wengi wenu kwenye kundi la WhatsApp mliunga mkono. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Stika inabanduka, na kitu kilichofunikwa ndicho mtu hukwangua kwanza. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na fomu yetu ya ridhaa iliuliza habari ya picha peke yake. Fomu ile niliikuta, nimeshaibadilisha. Tulifumua springi, tukachapa ukurasa upya, tukafunga tena. Gharama ya ziada ilikuwa 780,000, na kalenda zikatoka Januari 20, wakati watu wameshatundika za benki na za makanisa yao. Zimeuzwa 174 kwa 15,000. Arobaini tumewapa wanamuziki, 86 ziko stoo.

Imesemwa kwamba niliamua peke yangu. Niliita kamati ya utendaji kwa dharura. Kati ya wajumbe 7 tulifika 3, na mmoja aliondoka kabla ya kumaliza. Waliokuwa nyumbani jioni ile ndio wenye maneno mengi leo. Imesemwa pia kwamba wagonjwa wamepoteza 1,400,000 kwa ajili ya heshima ya mtu mmoja. Neno hilo limeniuma. Huyo mtu mmoja ni mgonjwa vilevile. Kina mama wa Chamwino wakiona kwamba kwetu siri haikai, nani atakubali kukaa mbele ya kamera, au mbele ya muuguzi?

Sasa ada. Tuko 47. Mwaka ni shilingi 60,000. Waliomaliza ni 16, waliolipa nusu 9, na 22 hawajatoa hata shilingi. Deni ni 1,590,000, yaani linazidi pengo tunalogombania. Mikutano minne tuliyoitisha, mitatu haikufikisha akidi. Chamwino tulikwenda watu wanne, na taa nilibeba mimi mwenye mgongo mbovu.

Treni ya SGR imefupisha njia ya Dar es Salaam, lakini mionzi hutolewa siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, na malazi ndiyo yanayowamaliza watu. Baba mmoja alimuuza ng'ombe wake wa mwisho ili mkewe asikatishe matibabu. Fedha zetu zililipa wiki zake za mwisho za chumba.

Mwaka ujao tunatarajia kuwafikia wanamuziki wa Kondoa na Mpwapwa, hali ikiruhusu, na ikiwezekana tupate taa za pili. Kalenda tutaiangalia. Yule mama amenitumia salamu kwamba tukienda tena atapiga, na amewaalika wenzake sita.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dodoma