Zohali anakula oili

Nashville, Tennessee
Jumapili, 10 Novemba 2024

Kwako Spana, swahiba wangu wa tangu utoto,

Assalaam aleikum. Mimi huku mzima, baridi tu ndiyo imeanza kubisha hodi. Wasiwasi ni juu yako na mama, na ule mguu wake. Mwambie dawa nimempa yule kijana anayekuja Desemba, asihangaike kununua nyingine.

Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu, na mara zote tatu nimecheka peke yangu kama mwehu. "Uko Marekani, nchi inayozaa magari, halafu unakwenda kununua gari la marehemu!" Basi nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana hili si la kujibu kwa sauti ya dakika mbili. Na wewe ukitumiwa sauti ndefu unaruka mpaka mwisho, nakujua.

Gari lenyewe ni Saturn SL2 ya mwaka 2001, milango minne, kijani iliyopauka juu ya paa. Marehemu ni kampuni iliyolitengeneza, si mwenye gari. Siku nalichukua lilikuwa limeshatembea maili 168,000, yaani kama kilomita 270,000. Bei dola 1,100. Aliyeniuzia ni mzee wa mtaa wa pili, na gari lilikuwa la mkewe mpaka macho yalipomkatalia kuendesha.

Jina nalo ni kisa. Saturn ndiyo Zohali yetu. Unamkumbuka maalim wetu wa chuoni na kile kitabu chake cha falaki kilichofungwa kwa kamba ya katani? Zohali nyota ya nuksi, siku yake Jumamosi, siku hiyo usianze jambo wala usinunue chombo. Mimi pesa nimetoa Jumamosi asubuhi, mkono kwa mkono, na niliyakumbuka maneno ya maalim wakati ufunguo umeshaingia mfukoni. Tangu siku hiyo namwita Zohali.

Nilipomwomba mzee apunguze kidogo, akacheka. "Saturn haina kupatana," akasema. Nikadhani utani, kumbe ilikuwa sheria ya kampuni: bei iliyobandikwa kiooni ndiyo hiyo hiyo, uwe mjanja uwe mjinga. Sisi watu wa Tanga, ambao hata fungu la dagaa tunadai nyongeza, duka la namna hiyo lingetuumiza kichwa. Lakini wenzetu walilipenda. Wakati huo kwenda kununua gari kwao ilikuwa kama kwenda kung'olewa jino. Na ukinunua, anasema mzee, wafanyakazi wote wa duka wanakuja kukuzunguka, wanakupigia makofi na kukupiga picha na gari lako, kama bibi harusi.

Anajua habari hizi kwa sababu alikuwa kiwandani. Alihamia huku kutoka Michigan, kwenye viwanda vingine vya General Motors, kampuni mama ya Saturn, kuja kufunga milango pale Spring Hill, Saturn zilikokuwa zinatengenezwa. Anakumbuka gari la kwanza lilivyotoka, tarehe 30 Julai 1990. Ndani walipanda Roger Smith, mkuu wa General Motors, na Owen Bieber, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Hilo la wakubwa wawili ndani ya gari moja alinirudia mara mbili, kidole juu, kama mtu anayekueleza kwamba simba na mbuzi walikunywa kisima kimoja na yeye alikuwepo.

Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona muuza gari akikifanya. Alirudi nyuma hatua mbili, akaupiga teke mlango wa dereva. Teke la kweli, na buti la kazi mguuni. Mlango ukabonyea kama ndoo, halafu pwa! ukarudi mahali pake. Hata alama hakuna. Milango na madifenda ni plastiki iliyofungwa juu ya fremu ya chuma; bati liko kwenye boneti, paa na buti tu. Yule jirani yako wa kunyoosha bodi angekufa njaa na gari hili. Kutu kwenye mlango haijui.

Ila kila kizuri na kasoro yake. Plastiki inavimba kwenye joto, kwa hiyo waliacha nafasi kubwa kati ya kipande na kipande. Ukilitazama kwa ubavu utadhani liliwahi kugongwa likafungwa na fundi mwenye haraka. Na baridi ikikaza, lile teke usithubutu. Plastiki ya miaka 23 inapasuka kama sahani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa, maana najua hapa ndipo unaposubiri. Injini lita 1.9, silinda nne, vali kumi na sita, nguvu farasi 124. Inatumia cheni, si mkanda, na hilo utalipenda. Lakini inakula oili. Haivuji, chini pakavu kabisa. Inachoma. Asubuhi nikiwasha unatoka moshi wa bluu mwembamba kama wa ubani, ukitulia unaendelea na safari zako. Kila maili 900 nilikuwa naongeza karibu lita nzima. Si la kwangu tu, ni la ukoo mzima: ringi za oili zinaganda kwa masizi, na pistoni zenyewe hazina vile vitundu vya kurudishia oili chini, basi inayobaki juu inaungua. Nilipomuuliza mzee mbona hakuniambia, akasema mkewe hakuwahi kulalamika hata siku moja. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiongeza kimya kimya kila Jumapili wakitoka kanisani. Ndoa hizi, Spana!

Ile dawa yako nimeifanya. Nimefungua plagi zote nne, nikamimina kile kiyeyushi cha masizi ndani ya silinda kidogo kidogo, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikapiga stata plagi zikiwa nje, kama ulivyosema, ikaruka yote mpaka kwenye shati. Kisha nikarudisha plagi na kuwasha. Moshi wake sijawahi kuuona. Mtaa mzima ulitoka nje, na mama mmoja akaniuliza kwa upole kama awaite zimamoto. Lakini imesaidia: sasa tunafika maili 1,300 kabla ya kuongeza. Si kupona huko, ni nafuu.

Na lile la Agosti nalo, kwa kuwa wewe ulilisikia nusu usingizini. Joto la hapa mwezi ule linanata kama la kwetu kabla ya mvua. Gari likishapata moto likawa gumu kuwaka, petroli linakunywa kama lori, na mshale wa joto umelala chini kana kwamba injini haijawashwa tangu jana. Nikalipeleka gereji moja. Fundi hakufungua hata boneti. Alisoma jina nyuma ya gari, akasema kampuni imekufa, spea utapata wapi, tafuta gari jingine.

Nilirudi nyumbani nimefura, na njiani kilichonijia kichwani ni ile Peugeot 504 ya marehemu baba yako. Ni nani kati yetu aliyewahi kuona mtu wa Peugeot akija Ngamiani kuitengeneza? Kampuni ilikuwa hai huko Ufaransa, lakini kwetu ilikuwa hai au imekufa, tofauti ilikuwa nini? Ile gari ilikuwa inaishi kwa mikono ya mzee wako na kwa lile kopo la Blue Band lililojaa skrubu. Hawa wenzetu wakisikia kampuni imekufa, wanalizika na gari. Sisi tumekulia kwenye gereji ambazo gari halijawahi kuwa na kampuni, lina fundi.

Basi nikakupigia. Huku saa kumi jioni, kwenu saa sita usiku. Ukanung'unika, ukaniambia nishushe kamera, nisogee ubavuni mwa kichwa cha injini, nichomoe ile soketi ndogo. Nikachomoa. Ndani maji ya rejeta, na pini moja imeota kijani. Ukasema "Sensa hiyo," ukakata simu ukalala. Sijui kama unakumbuka. Ilikuwa sensa ya joto la maji kweli, ile ya kichwa cha plastiki, imepasuka, inaidanganya kompyuta kwamba injini ni ya baridi. Nimeweka yenye kichwa cha shaba, dola kumi na kitu, duka la kawaida la spea, na walikuwa nayo rafuni. Nilitamani nirudi kwa yule fundi nimwonyeshe risiti, nikaona nimwachie Mungu.

Spea za injini si tatizo, kwa hiyo. Tatizo ni mapambo: taa, vishikio, vioo. Hayo unafuata kwenye uwanja wa magari chakavu. Ungepapenda! Unalipa dola mbili mlangoni, unaingia na spana zako, unafungua mwenyewe, unalipia wakati wa kutoka. Nilikwenda kutafuta taa ya nyuma. Saturn zilikuwa mbili tu uwanja mzima, moja imeshachunwa mpaka mifupa. Ya pili, nyeupe, bado taa zake nzima. Nilipokuwa natafuta fyuzi nikakuta daftari dogo kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria. Nikafikiri ni kitabu cha gari. La. Safu za tarehe, maili, na mwishoni "kwati 1", "kwati 1", "kwati 1" (kwati ni kipimo cha oili cha huku, karibu lita moja), ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko mzuri wa kulala, miaka sita mfululizo. Mwenzangu kabisa! Nililipa taa. Daftari yule kijana wa mlangoni alinipa bure, akanitazama kama mtu aliyeomba takataka.

Mwezi uliopita nimempeleka Zohali kwao. Spring Hill haifiki kilomita sitini kusini mwa hapa. Ukiacha barabara kuu unaingia njia ambayo bango lake la kijani mpaka leo limeandikwa Saturn Parkway. Kampuni hakuna, bango lipo. Nikapunguza mwendo kulisoma, lori likanipigia honi. Kiwanda chenyewe kimejificha nyuma ya miti na vilima vya udongo, na watu wanaingia zamu kama kawaida. Siku hizi humo zinatoka Cadillac za umeme. Hapo ndipo, mwaka 1994, waliposherehekea wenye Saturn 44,000, waliotoka pande zote kuja kuona gari lao lilipozaliwa. Mimi nilikuwa peke yangu, na mlinzi hakuniruhusu kusimama getini.

Nilimuuliza mzee ni nini kiliiua, naye hakuwa na haraka ya kujibu. Anachoamini ni kwamba iliuliwa na wazazi wake. General Motors iliianzisha kupambana na magari madogo ya Kijapani, ikaipa kiwanda kipya na sheria zake yenyewe, halafu ikaiacha na gari lile lile moja karibu miaka kumi. Gari la pili kubwa kidogo lilikuja mwaka 1999, wateja wakiwa wameshaoa, wamezaa, wamehamia kwa wengine. Baadaye wakawa wanachukua magari ya ndugu zake na kuyabandika jina. Mwaka 2009 General Motors ikafilisika. Roger Penske, yule tajiri wa mbio za magari, akataka kuinunua, lakini Renault iliyotegemewa kutengeneza magari ikakataa, na mwisho wa Septemba mwaka huo biashara ikavunjika. Mwaka 2010 ikafungwa. Mimi namkubalia mzee kwa sehemu kubwa. Ila pistoni zile, Spana, pistoni hakuzichora mzazi. Walizichora wenyewe.

Haya. Swali langu kwako ni hili, na nataka jibu la fundi, si la mzaha. Baridi inakuja. Je, nishushe injini niweke ringi mpya na kutoboa vile vitundu kwenye pistoni, kama wengine walivyofanya? Kazi hiyo itanigharimu kuliko nilivyomnunulia. Au niendelee kumlisha hivi hivi? Ukisema tushushe, itabidi nikupigie usiku siku kama nne mfululizo, umwombe radhi shemeji mapema. Ukisema nimlishe, leo asubuhi nimeshaandika kwenye lile daftari, chini ya mwandiko wa yule mwenzangu: maili 179,412, kwati 1.

Nisalimie mama, na wote wa Barabara ya 12.

Wako,
Mnunuzi wa Jumamosi