Koki inayodondosha haiponi kwa kukazwa

Mhariri,

Koki ya nusu inchi ikidondosha maji, wengi huikaza kwa nguvu zote. Ndiko kuimaliza, maana raba ya ndani huzidi kukatika. Funga maji kwenye mita au tenki, fungua koki imwage yaliyobaki, kisha legeza kichwa chake kwa spana. Nenda dukani na raba kuukuu mkononi. Zipo zinazofanana kwa macho tu. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole pale raba inapokalia. Pakiwa na vishimo, raba mpya haitadumu: badilisha koki nzima. Tepu nyeupe ya kuzuia kuvuja izungushwe kwenye meno ya koki hiyo mpya kufuata mshale wa saa, meno yakikutazama, mizunguko 8 hivi. Ukienda kinyume itajikunja unapofunga. Na jamani, kurundika katani juu ya tepu hupasua kiungio cha plastiki.

Fundi bomba,
Tanga