Risala ya Kikundi cha Hisani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Mwalimu Mlezi wetu,
Wazazi, walimu na wanafunzi wenzetu,

Apwoyo matek, yaani asante sana kwa Kiacholi, na karibu Gulu. Tumepewa dakika tano, kwa hiyo salamu nyingine tutakupa wakati wa chakula.

Mheshimiwa, kikundi chetu kina wanafunzi 34. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunakwenda hospitali moja hapa mjini kuwapelekea sabuni, mkaa na unga wa mahindi watu wanaouguza ndugu zao. Mgonjwa ana kitanda na daktari. Anayemuuguza analala sakafuni kwenye mkeka, anapika uani, anafua mashuka kwa mikono yake, na mara nyingi hakuna anayemuuliza kama amekula.

Safari yetu ya kwanza ilituaibisha. Tulibeba miche kumi ya sabuni na simu nne za kupigia picha. Bibi mmoja aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake, alipoona simu imeinuliwa, alijifunika uso kwa kitenge na kuturudishia mche wetu. Tulirudi shuleni kimya. Mwalimu Mlezi hakutugombeza. Jumatatu alituita, akatusimulia habari za Dakta Matthew Lukwiya.

Wazazi mliopo hapa mnamkumbuka. Sisi tulikuwa hatujazaliwa. Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni. Akapigiwa simu kwamba katika Hospitali ya Lacor hapa Gulu, aliyokuwa akiisimamia, wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi. Alikesha akisoma, akahisi kwamba ni Ebola, akaanza kuwatenga wagonjwa kabla majibu ya maabara hayajafika. Watu 425 waliugua katika mlipuko ule, 224 wakafariki. Wauguzi walipochoka kuwazika wenzao na kutaka kuacha kazi, alikaa nao kikao, akawaambia kwamba yeye haondoki. Tarehe 5 Desemba ugonjwa huo ulimchukua yeye pia. Kaburi lake lipo palepale Lacor, karibu na la Dakta Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada aliyefika mwaka 1961 na kuambukizwa virusi vya Ukimwi akiwa chumba cha upasuaji, naye akaendelea na kazi.

Baada ya kusikia hayo, zile simu nne tulizionea haya. Hatukuzibeba tena.

Ukutani mwa chumba chetu tumeandika majina matano. Mawili umeshayasikia. La tatu ni la Bi Noerine Kaleeba, aliyemuuguza mumewe mgonjwa wa Ukimwi hadi mwisho, kisha mwaka 1987 akaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi hapa Uganda, pamoja na wenzake wachache, wengi wao wakiwa wameambukizwa. Kwa kazi yetu huyu ndiye wa karibu zaidi, maana naye alikuwa muuguzaji. La nne ni Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyekuwa safarini kwa mambo ya biashara yake mwaka 1859 akawakuta majeruhi wa vita vya Solferino, Italia, akabaki kuwahudumia pamoja na wanawake wa mji mdogo wa jirani. Msalaba Mwekundu ulitokana na hayo. Biashara yake, tunasikitika kusema, ilifilisika.

La tano liligombaniwa wiki mbili. Ni la Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa Mucwini, Kitgum. Wapo waliosema huyu hakugawa sabuni, anaingiaje? Lakini Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji, na tarehe 16 mwezi huohuo akauawa, serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Waliomtetea walishinda kwa hoja ya bomba. Bomba la maji la wauguzaji lilikuwa limekauka wiki tatu, nasi tulikuwa tunabeba jerikani tu, tukijiona watu wema sana. Tukaandika barua kwa wahusika. Jibu bado tunalisubiri, na barua ya pili imeshaandikwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. La kwanza ni mkokoteni, kwa sababu gunia la mkaa kichwani kutoka hapa hadi hospitali linawaumiza wadogo zetu wa kidato cha kwanza. La pili ni mabeseni makubwa 20 ya kufulia. La tatu halina gharama: tunakuomba utie sahihi yako chini ya ile barua ya pili.

Jumamosi tunaondoka saa mbili asubuhi, kwa miguu. Ukiweza kuja nasi tutafurahi, ila mpiga picha wako tunaomba abaki getini.

Yule bibi tulimkuta tena mwezi uliofuata. Safari hii sabuni aliipokea, kisha akamtuma mmoja wetu amchotee maji.

Tunaomba kuwasilisha.